Hatari ya Tairi Lenye Upepo Haba

Asafiriye kutoka Dar es Salaam kwenda kusini kwa barabara ya Kilwa hupita Bungu kabla ya kuufikia mji wa Kibiti. Zamani mwendo kasi haukuwa jambo la kuhofiwa sana katika njia hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yaliuvuka mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika tope liliweza kuyazuia njiani kwa siku kadhaa. Kipande cha mwisho, kutoka Ndundu hadi Somanga, urefu wa kilomita 60, kilitiwa lami katika miaka ya 2010. Sasa mabasi ya Lindi na Mtwara na malori ya shehena hupita Bungu kwa kasi ambayo babu za wanafunzi wa leo hawakuijua, na kupasuka kwa tairi, ambako zamani kulimchelewesha msafiri tu, sasa kwaweza kumwua.

Miongoni mwa madereva, na hata miongoni mwa wanafunzi wa sekondari, imeenea imani kwamba tairi hupasuka kwa sababu jua na lami huuchemsha upepo uliomo ndani hata ukazidi nguvu. Dawa inayofuatia imani hiyo ni kupunguza upepo wakati wa mchana wa joto. Dawa hiyo ni ya hatari. La kusikitisha zaidi ni kwamba imani yenyewe haikuzuliwa na watu wasiosoma, bali imetoka darasani, katika kanuni ya gesi iliyofundishwa nusu na kuachwa hapo.

Kanuni hiyo ni ya kweli. Gesi iliyofungiwa katika chombo kisichotanuka, ikipashwa joto, kanieneo yake huongezeka kwa uwiano wa halijoto yake katika kipimo cha Kelvini. Lakini ni mara chache mwanafunzi huombwa akokotoe inaongezeka kiasi gani. Na tujaalie kwamba tairi limejazwa alfajiri, halijoto ikiwa nyuzi 27 za Selsiasi, hata kipimo kikaonyesha kilopaskali 250. Kipimo huonyesha ziada juu ya kanieneo ya hewa ya nje, ambayo ni kilopaskali 100 hivi. Kwa hiyo kanieneo kamili ni 350, na halijoto ni Kelvini 300. Baada ya safari upepo umefika nyuzi 67, yaani Kelvini 340. Kanieneo kamili sasa ni 397, na kipimo kitaonyesha 297. Ongezeko ni kilopaskali 47 tu. Tairi zima hutengenezwa listahimili kanieneo iliyo mara kadhaa ya ile ya kazi. Ongezeko hilo mtengenezaji alikwisha kulihesabu.

Sasa dereva mwenye hofu akiutoa upepo hadi kipimo kirudi 250 hali tairi likingali moto, alfajiri ya pili, likiwa limepoa, litaonyesha 209. Amepoteza karibu sehemu moja ya sita ya upepo wake bila kupata msumari wowote, na ataondoka akiamini kwamba amejikinga.

Kinachoharibu tairi ni kujipinda. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi hubonyea, kisha hurudi umbo lake inapoinuka. Tairi la basi, ambalo mzingo wake ni mita 3 na kidogo, likienda kilomita 80 kwa saa hujipinda hivyo zaidi ya mara 25,000 katika saa moja. Mpira ni zao la ajabu: ukivutwa kwa nguvu hurudi, lakini haurudishi kazi yote uliyopewa. Kila mara hubakiza sehemu kidogo, na sehemu hiyo hugeuka kuwa joto. Mtoto yeyote aliyekata mpira wa ndani wa gurudumu kutengeneza manati anaweza kujaribu: auvute na kuuachia haraka haraka mara nyingi, kisha augusishe mdomoni. Tairi lenye upepo haba hubonyea zaidi, nalo lenye mzigo kupita kiasi hali kadhalika. Mwendo ukiongezeka mibonyeo huwa mingi zaidi kwa kila dakika, na joto huzaliwa kwa haraka kuliko linavyoweza kutoka. Hapo gundi iliyoshikamanisha mpira na nyuzi za nailoni au za chuma hulegea, matabaka huachana, na tairi hupasuka kwa kishindo. Dereva husikia kishindo akadhani upepo ulizidi. Kumbe ulikuwa umepungua tangu asubuhi.

Pancha ndogo ndiyo mwanzo wa mikasa mingi ya namna hii. Msumari huingia, upepo huvuja polepole, gari huendelea kwa kilomita nyingi, na linapopasuka tairi lawama hubebeshwa jua. Katika malori yenye magurudumu pacha hatari hufichika zaidi, kwa kuwa tairi lililolegea husimama likiegemea nguvu za mwenziwe. Utingo huyagonga kwa chuma na kusikiliza mlio. Mlio huo huweza kufichua tairi lililoishiwa kabisa. Tairi lililopungukiwa na sehemu moja ya tano hulia vizuri tu.

Njia za mchanga zinazoshuka kuelekea delta zina somo lao. Dereva apunguzaye upepo ili gari lisizame mchangani hafanyi kosa, kwa maana tairi laini hutandaza uzito juu ya eneo kubwa zaidi. Kosa ni kurudi juu ya lami na kuongeza mwendo kabla ya kuurudisha upepo aliouacha mchangani.

Ulimwengu umekwisha kulipa gharama kubwa kwa jambo hili. Mwezi Agosti 2000, nchini Marekani, kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa katika magari ya Ford Explorer. Utando wa juu wa matairi hayo ulikuwa ukibanduka katika mwendo wa kasi, hasa katika majimbo ya joto. Palikuwa na kasoro katika matairi yenyewe, na makampuni hayo mawili yalibishana vikali juu ya nani alaumiwe, mojawapo ya hoja ikiwa kiwango kidogo cha upepo kilichopendekezwa kwa gari hilo. Katika mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyozaa kanuni kwamba kila gari dogo jipya liwe na taa ya onyo. Taa hiyo hutakiwa iwake upepo upunguapo kwa robo. Hakuna aliyeona haja ya kudai taa ya kuonya kwamba upepo umeongezeka kwa joto la safari.

Tairi likikwisha kupasuka, silika humtuma dereva akanyage breki, na silika humpotosha. Gurudumu lililopasuka huvuta gari upande wake, na breki huongeza mvuto huo. Yampasa aushike usukani kwa mikono miwili, alinyoshe gari, aondoe mguu taratibu kwenye mafuta na kuliacha lipungue mwendo kabla ya kuliegesha. Mwendo wenyewe ndio uamuao: gari liendalo kilomita 120 kwa saa lina nishati ya mwendo mara 2 na robo ya lile la kilomita 80, kiwango ambacho sheria ya Tanzania imeyawekea magari ya abiria na malori makubwa nje ya makazi.

Somo hili lingefundishwa vyema zaidi nje ya darasa. Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani yana kibandiko kwenye mwimo wa mlango wa dereva. Maneno yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka na mizani ni kilopaskali, ileile ya kitabu cha fizikia. Kipimo cha upepo ni kitu kidogo cha mkononi, na shule ikikosa chake yaweza kumwomba fundi pancha wa jirani. Wanafunzi wapime tairi la gari la mwalimu au la mgeni kabla halijatoka asubuhi, walipime tena lirudipo safari, waandike tarakimu zote mbili ubaoni, kisha wakokotoe halijoto ya upepo uliomo ndani bila kulifungua tairi.