Folda tupu si faili zimepotea

Wasee, tuache kulaumu autofs. Hiyo programu ya Linux inakaa nyuma kimya, inangoja. Ukiingia folda yako ndiyo inaivuta kutoka kwa seva. Usipoigusa, kwa kawaida dakika 5, inaiachilia. Ndiyo maana ukipiga ls kwa /home unaweza kuona patupu. Hakuna kitu kimeenda! Piga cd na jina la folda, utaikuta.

Kule kampasi, kabla niache masomo, jamaa wa maabara aliona huo utupu akaizima, akaandika kila kitu kwa fstab. Siku seva ilizimika, mashine zote ziliganda, na sisi tuko na kazi ya kusabmit saa nane. Bado akasema ati Linux ni mbaya. Manze, /etc/auto.master ni mistari michache tu. Hata hiyo hakusoma.