Casablanca haipimwi kwa kilomita

Droo ya CAF ikitoka na timu zetu zikapangwa na Waarabu, vijiweni huanza maneno yaleyale. Huyu anasema, "Kule mbali bwana, watafika wamechoka." Yule anajibu kwamba ndege ni ndege tu, unalala, ukiamka umefika. Wote wawili wana ukweli nusunusu.

Tuanze na ramani. Dar es Salaam hadi Casablanca kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 6,600. Ndege inayokata kilomita 850 kwa saa ingetumia muda wa saa nane hivi. Siyo mchezo, maana Dar hadi London ni kama kilomita 7,500 tu.

Lakini timu haisafiri kwa mstari wa ramani. Ukipanda ndege za kawaida unaunganisha. Chukua njia ya Doha: Dar hadi Doha ni kilomita 3,800, Doha hadi Casablanca 5,700. Jumla 9,500. Umeongeza karibu kilomita 3,000, zaidi ya umbali wa Dar hadi Johannesburg! Hewani pekee ni saa 13 au 14. Weka kusubiri ndege ya pili, foleni ya uhamiaji, mizigo na basi la hotelini, siku nzima imekwenda.

Sasa itazame kalenda. Aprili 2023 Simba iliifunga Wydad 1-0 kwa Mkapa tarehe 22, marudiano Casablanca yakawa tarehe 28. Yanga nayo ilicheza fainali ya Shirikisho na USM Alger Dar Mei 28, marudiano Algiers Juni 3. Kote ni siku sita. Toa moja ya kupumzisha miguu baada ya mechi, toa moja ya safari, toa nyingine mwili urudi sawa. Kocha anabaki na mazoezi ya siku mbili, tatu akibahatika.

Ndiyo maana klabu ikikodi ndege, shabiki asidhani ni mbwembwe. Pale inanunua siku ya mazoezi.

Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya safari. Yanga ilifika Algiers na kushinda 1-0. Kombe lililikosa kwa sheria ya bao la ugenini, kwa sababu wiki moja kabla ilifungwa 2-1 nyumbani. Na USM Alger walikuja Dar kwa kilomita zilezile, wakafunga mawili. Simba nayo Casablanca ilifungwa bao moja tu, ikatolewa kwa penalti 4-3. Bao la pili kwa Mkapa lingebadili hesabu yote.

Hapo ndipo penye somo. Umbali hauwezi kupunguzwa na kiongozi yeyote, na siku sita za CAF hatuzipangi sisi. Tunachoweza kupanga ni mambo mawili: njia ya kusafiri, na mabao tunayoondoka nayo nyumbani. Timu inayopanda ndege ikiwa na 1-0 inakwenda kuomba Mungu. Inayopanda na 3-0, hata ikiunganisha mara mbili, inakwenda kumalizia kazi.