Chupa ya mafuta ya Lokichar iingie maabara

Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari Kakuma. Kila mwaka nikifika kwenye viwango vya mchemko, roho huniuma. Kitabu kinawapa watoto jedwali: methani nyuzi -161, maji 100. Wanakariri, wanatahiniwa, wanasahau. Kumbe sura hiyo nzima imelala ardhini Lokichar, kusini mwa Lodwar.

Mafuta yaliyopatikana kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012 yana nta nyingi, yakipoa, yanaganda. Ndiyo maana malori yaliyoyapeleka Mombasa kuanzia 2018 yalibeba matangi ya kuhifadhi joto, na bomba la kwenda Lamu lilipangwa kupashwa moto. Molekuli za nta ni minyororo mirefu ya kaboni, na kila sehemu ya mnyororo huvutana na jirani yake. Mvuto wenyewe ni hafifu, ila mnyororo wa kaboni 20 una pengi pa kushikana kuliko butani yenye kaboni nne. Basi butani huruka ukifungua tu mtungi wa gesi, petroli ya chupa inayouzwa kando ya barabara hapa Kakuma hupungua ikiachwa wazi, na nta hiyo haichemki mpaka nyuzi 343 hivi. Kuganda si kuchemka, najua, lakini mvuto ni uleule.

Maji nayo? Molekuli yake inakaribiana kwa uzito na ya methani, 18 kwa 16, ila oksijeni ya moja hung'ang'ania haidrojeni ya nyingine. Mama anayechemsha maji ya kunywa katika kambi ya wakimbizi hapa Kakuma hulipia ung'ang'anizi huo kwa kuni, na kuni hapa zimewagombanisha wenyeji na wakimbizi.

Tumebishania mgao wa mafuta miaka mingi. Sheria ya 2019 inaipa kaunti asilimia 20 na jamii asilimia 5. Maabara sijaisikia ikitajwa. Naiomba Wizara ya Kawi na Petroli, pamoja na kaunti, izipe shule zote za sekondari za Turkana chupa moja moja ya mafuta hayo, iliyozibwa vizuri. Mwanafunzi aitumbukize kwenye maji moto aone yakilegea, kisha aitoe aone yakiganda. Darasani mwangu Mturkana huketi na mwenzake wa Sudan Kusini, nchi nyingine ya mafuta. Wote wawili wanaihitaji chupa hiyo kabla ya mtihani wa kitaifa.