Dar es Salaam: mtandao wa simu upo, lakini si pale mzigo ulipo

Mnunuzi kutoka Lubumbashi amemaliza kuchagua bidhaa katika duka la ghorofa ya chini kabisa, Kariakoo. Saa ni nane mchana. Muuzaji amekubali kulipwa kwa simu, vijana wa kubeba wameshafunga mabelo, na lori linalokwenda Tunduma linapakia Kurasini na halitamsubiri mtu. Menyu ya malipo inafunguka, kiasi kinawekwa, namba ya siri inaingizwa, kisha kimya. Ujumbe hauji kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Je, hela imekwenda au haijakwenda? Mnunuzi anaogopa kurudia asije akalipa mara mbili, na muuzaji hataki kuachia mzigo ambao hajaulipwa. Wote wawili wanapanda ngazi kwenda barabarani kutafuta mtandao.

Wasomaji wetu wengi wamewahi kusimama kwenye ngazi hizo. Jambo la kushangaza ni kwamba hali hii inatokea katika jiji lenye minara mingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Tanzania, jiji ambako huduma ya 5G ya kibiashara ilianzia nchini mwaka 2022. Ukisoma takwimu za mkoa kwa ujumla, Dar es Salaam haina tatizo. Ukifuata njia ya mzigo, kuanzia dukani hadi yadi, kutoka yadi hadi mizani ya Vigwaza, tatizo linaonekana karibu kila kituo.

Hoja ya uchambuzi huu ni hiyo. Kinachomgharimu mfanyabiashara wa mpakani ni kwamba mtandao haulingani: una nguvu pale ambapo watu wanakaa au kupita, na unalegea saa zile na sehemu zile ambazo mzigo unabadilisha mikono.

Tuanze na Kariakoo, kwa sababu hapo ndipo maelezo ya kawaida ya "minara haitoshi" yanapokwama. Minara ipo, mingine juu ya maghorofa yenyewe. Lakini kila mnara una uwezo wenye kikomo, na uwezo huo hugawanywa kwa simu zote zilizo chini yake kwa wakati huo. Asubuhi saa moja simu ni chache. Kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni, eneo lile lile dogo linabeba wauzaji, wachuuzi, madalali, wapagazi na wanunuzi wa nchi tano au sita, kila mmoja akituma picha za bidhaa. Katika teknolojia ya 3G kuna hali ambayo mafundi huiita kupumua kwa mnara: wateja wakizidi, eneo linalofikiwa na mnara husinyaa. Mtu aliyekuwa pembezoni mwa eneo hilo asubuhi, mchana anajikuta nje yake bila kusogea hatua moja.

Pili ni majengo. Zege lenye nondo, vioo vya kisasa na mabati hupunguza nguvu ya mawimbi. Masafa ya chini, kama 700 na 900, hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali. Masafa ya juu, kama 2600 na 3500, hubeba data nyingi lakini huishia ukutani. Kampuni zilinunua masafa ya aina zote mbili katika mnada wa Oktoba 2022, lakini masafa ya chini ni finyu na hayawezi kubeba peke yake mzigo wa Kariakoo. Duka la chini ya ardhi halitapata mtandao wa kuaminika kutoka mnara wa nje hata uwe mita hamsini. Linahitaji vifaa vya ndani ya jengo, na vifaa hivyo lazima mtu fulani avilipie: kampuni ya simu au mwenye jengo. Kila upande unamtazama mwenzake.

La tatu linawachanganya wengi. Simu inaonyesha 4G na vijiti vyote vimejaa, lakini menyu ya nyota na reli haifunguki au inakatika katikati. Sababu ni kwamba menyu hiyo haipiti njia ya intaneti. Kwa simu nyingi, ukibonyeza nyota 150, simu huteremka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kuifungua, na vijiti unavyoviona havisemi lolote kuhusu msongamano wa huko inakoteremka. Menyu yenyewe ina muda maalumu, na ukipita inakatika popote ilipofika. Ndiyo maana jirani yako anayetumia programu ya simu kwa intaneti anaweza kulipa wakati wewe unahangaika, na siku nyingine ikawa kinyume chake.

Tukitoka katikati ya jiji, sababu zinabadilika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na kwa sehemu kubwa jiji limepanuka kwenda pembezoni: Chanika, Mbezi, Goba, Chamazi, Kigamboni. Biashara ya usafirishaji nayo imesogea huko huko. Kituo cha mabasi ya mikoani na nchi jirani kilihama Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021. Yadi za malori zimeenea hadi Kibaha, na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani ilizinduliwa rasmi Julai 2025.

Kampuni ya simu hujenga mnara pale inapoona mapato. Hesabu hiyo ni ya kawaida katika biashara, na hakuna haja ya kuilaumu. Tatizo ni kwamba mapato hayo hukadiriwa zaidi kwa idadi ya watu wanaoishi eneo husika. Yadi ya malori haina wakazi. Ina madereva arobaini wa usiku mmoja, wenye laini za Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, ambao kesho hawapo. Katika mahesabu ya mipango, yadi hiyo inaonekana kama pori, ilhali thamani ya mizigo iliyolala pale inaweza kupita ya mtaa mzima wa maduka.

Ongeza na sura ya ardhi. Ukanda wa Kimara hadi Mbezi ni vilima na mabonde, na Pugu ni vilima pia. Mnara uliowekwa juu ya kilima kimoja hauoni nyuma ya kilima kingine. Dereva anayepita Barabara ya Morogoro ana mtandao, lakini akiteremka mita mia tatu kwenda gereji ya bondeni anapotea. Tajiri wake akipiga simu na kuambiwa hapatikani, moja kwa moja anadhani ameuza mafuta.

Umeme nao una nafasi yake. Mnara hutegemea gridi, na gridi ikikatika hutegemea betri na jenereta. Betri ikiwa imechoka au mafuta yameisha, mnara unalala. Hapa kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalifahamu. Minara mingi si mali ya kampuni za simu tena. Helios Towers ilinunua ile ya Millicom, mmiliki wa Tigo wakati huo, kwa makubaliano ya mwaka 2010, na ile ya Vodacom mwaka 2013. Kampuni mbili au tatu za simu hupanga kwenye nguzo moja. Mpango huo umepunguza gharama na kuongeza kasi ya ujenzi, lakini maana yake pia ni kwamba yule aliyenunua laini tatu kama bima anaweza kukuta zote tatu zimezima pamoja, kwa kuwa zote zilikuwa zinaning'inia kwenye mti mmoja.

Ni vizuri kutofautisha haya na matukio makubwa ambayo kila mtu anayakumbuka. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani kwa pamoja. Kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Matukio hayo yalikuwa mazito, lakini yalimgusa kila mmoja na kila mmoja aliyaelewa. Mteja wa Bujumbura alijua kwa nini hakujibiwa. Mtandao unaokatika Kurasini siku ya Jumanne saa tisa haumgusi mteja wa Bujumbura. Yeye anaona tu kwamba wakala wake hapokei simu.

Gharama ya jambo hili haionekani kwenye kitabu chochote cha hesabu, na ndiyo maana haizungumzwi. Kampuni kubwa ya uwakala wa forodha ina intaneti ya waya ofisini, mara nyingi kutoka watoa huduma wawili. Nyaraka zake zinaingia kwenye mfumo wa forodha bila kutegemea mnara. Wakala mdogo anafanya kazi kwa simu na modemu. Wote wawili wanalipa ushuru ule ule na wanashindania mteja yule yule, ila mmoja anapoteza saa mbili kwa siku akitafuta mtandao. Mashine ya EFD dukani nayo ina laini ya simu ndani yake. Lakiri ya kielektroniki kwenye kontena la transiti hutuma taarifa zake kwa njia hiyo hiyo. Miaka 15 iliyopita mtandao ukikatika ulikosa kuongea. Leo unakosa kulipa, kutoa risiti, kufuatilia gari na kuwasilisha hati.

Mgeni ana mzigo wa ziada. Simu ya Zambia au Kongo ikiwa Dar es Salaam hupanda kwenye mtandao wa kampuni mshirika, na mara nyingi data yake huzunguka kwanza nyumbani kabla ya kurudi. Ndiyo maana ujumbe wa picha unachukua dakika kadhaa. Wenye umri wetu watakumbuka Celtel ilivyoondoa gharama za kuvuka mpaka kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006. Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanzisha eneo moja la mtandao mwaka 2014 na 2015, Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Wengi huishia kununua laini ya hapa, na tangu usajili kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, hilo nalo lina taratibu zake kwa mgeni.

Sasa suala la upimaji. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018 na hupima kampuni kwa vigezo kama simu kukatika na simu kushindwa kuunganishwa. Kazi hiyo ni muhimu. Hata hivyo, upimaji wa aina hii hufanywa kwa kiasi kikubwa kwa gari lenye vifaa likipita barabarani, na gari haliingii ghorofa ya chini Kariakoo wala katikati ya makontena ya chuma yaliyopangwa matano kwenda juu. Matokeo yakishajumlishwa, Masaki na Mbagala zinakuwa wastani mmoja. Kampuni inaweza kufaulu kwa mkoa mzima huku ikishindwa katika maeneo kumi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa biashara ya transiti.

Mimi ningeanzia hapo kabla ya kudai minara mipya. Vyama vya wasafirishaji, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa Kariakoo vina kitu ambacho TCRA haina: watu walio katika maeneo hayo kila siku. Orodha ya mwezi mmoja tu, yenye mahali, saa, kampuni na aina ya tatizo, ingekuwa na uzito kuliko malalamiko ya jumla. Ombi lenyewe lingekuwa dogo: matokeo ya upimaji yatolewe kwa maeneo ya biashara, si kwa mkoa peke yake, na yapimwe mchana, ndani ya majengo.

Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Umezoeleka kama mfuko wa vijijini, na fedha zake nyingi zimekwenda huko kwa haki. Lakini sheria inataja pia maeneo ya mijini yasiyo na huduma ya kutosha. Sijui kwa nini wafanyabiashara hawajawahi kuubishia mlango huo kwa sauti moja.

Kwa majengo, mahali pa kuangalia ni Ubungo. Kituo cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa Agosti 2025 pale kilipokuwa kituo cha zamani cha mabasi, kina maduka zaidi ya 2,000 chini ya paa moja. Anayetaka kupanga hapo, au katika ghorofa lolote jipya Kariakoo, aingie ndani kabisa ya duka analoonyeshwa saa nane mchana na ajaribu kufanya malipo kabla ya kusaini mkataba. Dalali atakuonyesha duka asubuhi.

Kwa wenye malori, mambo machache yanasaidia. Laini mbili za dereva ziwe za kampuni zenye nguzo tofauti katika yadi anayolala, na njia ya kujua ni kuuliza wenyeji zipi huzima pamoja. Malipo ya mzigo yafanyike kabla ya saa tano au baada ya saa kumi na moja inapowezekana. Muamala ukikwama, angalia kwanza salio na orodha ya miamala ya mwisho, usirudie. Na karani wa yadi akubaliane na tajiri mapema kwamba saa fulani za usiku dereva anaweza asipatikane. Wapo madereva waliofukuzwa kazi kwa sababu ya bonde la Mbezi.