Msituambie Turidhike

Kwa Kiswahili, kuridhika ni tabia njema. Mtoto anayeomba kipande cha pili cha nyama huambiwa aridhike, na mfanyakazi anayelalamikia mshahara huambiwa vivyo hivyo. Ndiyo maana ukimuuliza mhitimu wa fasihi, historia au isimu kama anaridhika na kazi yake, huwezi kujua anajibu swali lipi. Anasema kazi anaipenda, au anasema yeye hana tamaa? Wengi hujibu "namshukuru Mungu," na mazungumzo yanaishia hapo.

Basi tutenganishe mambo mawili: kuipenda kazi, na kuikubali bei yake. Wahitimu wengi wa sanaa ninaowafahamu hawana ugomvi wowote na kazi yenyewe. Muulize mwalimu wa fasihi kuhusu siku ambayo darasa lake liligawanyika pande mbili kwa sababu ya mhusika mmoja wa riwaya, kengele ikalia na hakuna aliyetaka kutoka. Muulize mfasiri aliyehangaika na neno moja siku mbili, kisha likamjia akiwa amesimama kwenye daladala. Furaha hao wanayo. Wanachokosa ni kodi ya nyumba. Na linaloniudhi zaidi ni kwamba ile furaha yao ndiyo inayogeuzwa kisingizio cha kutowalipa: "Si unaipenda mwenyewe?"

Anayedhani natia chumvi aangalie Uganda. Mwaka 2022 serikali ya huko ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa, naye mwenye shahada, anayeingia darasa lilelile kwa kengele ileile, akaachwa kwenye milioni moja hivi. Juni mwaka huo walimu wakagoma. Juni 2025 walimu wa sanaa wakagoma tena, hoja ikiwa ni ileile.

Sasa sikia kituko. Julai 2022, habari ya mgomo ikiwa bado midomoni mwa watu, baraza la mawaziri la nchi hiyohiyo likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Sisi wapenzi wa Kiswahili tukapiga makofi. Wangapi kati yetu tuliuliza atakayelifundisha somo hilo atalipwa kiasi gani? Mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa, jamani. Lugha ilipandishwa cheo, na mwenye kuifundisha akabaki kwenye mshahara wa chini.

Najua utetezi wake. Walimu wa sayansi ni wachache, na nchi inahitaji madaktari na wahandisi. Sawa, upungufu upo, na kumvutia mwalimu wa fizikia kwa posho si dhambi. Lakini posho ni kitu kimoja, na mshahara unaokaribia mara nne ni kitu kingine. Huo wa pili unamwambia mwanafunzi aliye darasani mwalimu yupi wa kumsikiliza. Wala msiniambie eti soko ndilo limeamua. Mshahara wa mwalimu wa serikali haupangwi sokoni kama bei ya nyanya. Unapangwa na watu mezani, na meza hiyo iliamua kwamba insha na historia vina thamani ya robo.

Hapa Tanzania tusijifanye watakatifu. Ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza 2022, ni wa wanafunzi waliofaulu vizuri katika masomo ya sayansi. Ni jambo jema, na watoto wa wakulima wanasoma uhandisi kwa sababu yake. Ila mtoto wa mkulima aliyepata alama za juu katika Historia na Kiswahili naye ana karo ya kulipa.

Lakini serikali ni rahisi kuisema. Tuje nyumbani, kwetu tunaosoma na kuandika kurasa kama hizi. Ujumbe unaujua: "Ndugu yangu, nina muswada wangu mdogo tu, naomba uupitishie macho." Mdogo huo una kurasa 280. Hakuna bei, hakuna tarehe, hakuna mkataba. Kitabu kikitoka, mchora jalada amelipwa, mwenye mashine ya kuchapa amelipwa, mwenye ukumbi wa uzinduzi amelipwa, hata aliyepika pilau amelipwa. Mhariri ameshukuriwa. Kila Julai 7, siku ya Kiswahili duniani, malenga huitwa jukwaani na kuahidiwa nauli, huku aliyefunga spika akiwa na ankara yake mfukoni. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu tunamlipa kwa sifa tupu, halafu tunashangaa vitabu vyetu vinatoka na makosa ya tahajia kila ukurasa.

Akilalamika tunamtajia Shaaban Robert: eti naye alikuwa karani wa forodha, na bado aliandika. Kweli, aliingia forodhani mwaka 1926 na akakaa ukarani miaka mingi. Aliandika kwa saa alizoziiba baada ya kazi za mkoloni, na alifariki 1962 akiwa na miaka 53. Hayo ni masharti aliyowekewa na wakati wake. Anayeyageuza mfano wa kufuatwa na kijana wa leo mwenye shahada anamtukana Shaaban Robert na kijana kwa pamoja.

Kwa hiyo msituambie turidhike. Vyuo vinavyofundisha fonolojia na uhakiki vifundishe pia mkataba na hakimiliki, ili mhitimu ajue kazi yake inauzwaje kabla hajaitoa bure. Wachapishaji waandike jina la mhariri na la mfasiri kitabuni, na walipe kabla ya pilau. Walimu wa sanaa wa Uganda wakigoma tena, tuandike habari zao kwa bidii ileile tunayoandikia tuzo za riwaya, maana wao ndio wanaotengeneza wasomaji wa riwaya hizo.

Na wewe mwenye muswada kwenye simu, unayetaka kumtumia rafiki yako aliyesoma Kiswahili: kabla hujaandika "naomba upitishie macho," andika kwanza, "Unachaji kiasi gani?"