Mabawa ni nauli tu

KIBARAZANI
Na Mwalimu Kulwa Maduhu

Alhamisi iliyopita mvua ya kwanza ya maana ilinyesha hapa Bariadi. Ilianza alasiri, ikakatika magharibi, ikaacha ile harufu ya udongo ambayo mkulima wa Simiyu akiinusa hukumbuka mbegu ya pamba iliyo ndani. Saa moja na nusu usiku balbu ya barazani kwangu ilikuwa haionekani. Kumbikumbi walikuwa wametoka.

Jirani yangu, ambaye mtaa mzima tunamwita Mayu, hakupoteza dakika. Alikuja na beseni la maji, akaliweka chini ya balbu yangu kwa kuwa ya kwake imeungua tangu Juni, akavuta kigoda akakaa. Kumbikumbi walizunguka taa, wakagonga ukuta, wakaanguka majini. Wajukuu wake waliwakimbiza wale waliotua sakafuni. Kesho yake Mayu aliwakaanga bila mafuta, kwa sababu kumbikumbi hujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, akawapepeta kwa ungo mpaka mabawa yote yakaruka, akatia chumvi kidogo na kuniletea kisahani. Alisema hiyo ni bili ya umeme.

Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kufagia. Aliyewahi kufagia mabawa ya kumbikumbi anajua adha yake: hayana uzito, ukiyasukuma yanainuka, ukigeuka yamerudi ulikoyatoa. Nilikuwa nimeinama hivyo nilipowaona wawili wakitembea kando ya ngazi, mmoja mbele, mwingine nyuma yake karibu kumgusa, wote wakiwa hawana mabawa. Mayu, aliyekuwa anachukua beseni lake, aliniuliza, “Mwalimu, mbona unafagia kwa hasira? Hayo ni ya waliofika.”

Nilitazama ndani ya beseni. Wengi wa waliokufa humo walikuwa bado na mabawa yao.

Makanisani tumezoea mahubiri ya kipepeo. Kila Pasaka utayasikia: kiwavi anayetambaa, kifukofuko kinachofanana na kaburi, kisha mabawa. Ni mahubiri mazuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba siku hizi kila mahubiri huishia angani. Tuna mwaka wa kupaa, mwezi wa kuinuliwa, mkesha wa mabawa ya tai. Mhubiri mmoja mgeni alitusimamisha nusu saa nzima tukipunga mikono kama ndege, na bibi mmoja mwenye goti bovu akalazimika kushikiliwa asianguke. Sikusikia hata mara moja tukiambiwa mtu akishapaa anatua wapi na anafanya nini huko.

Kumbikumbi anayo habari hiyo. Yeye, mchwa aliyeota mabawa, hapitii kiwavi wala kifukofuko. Yai la mchwa likianguliwa hutoka mtoto anayefanana na wakubwa wake, naye hukua kwa kujivua ngozi. Walio wengi huwa vibarua na askari ambao hawataota mabawa kamwe. Wachache huota, manne kila mmoja, kisha hukaa gizani ndani ya kichuguu wakisubiri. Mvua ikishalainisha ardhi, vibarua hutoboa matundu, na vichuguu vya eneo zima huwatoa kwa pamoja, mara nyingi jioni moja.

Safari yenyewe ni fupi. Wakitua, jike hutoa harufu inayomwita dume, na dume humfuata nyuma kama nilivyoona pale kwenye ngazi. Mabawa huyavua wenyewe. Karibu na shina la kila bawa pana mstari mwembamba, na bawa hukatika hapo hapo bila kumjeruhi mwenyewe. Nilipolijua hili kwa mara ya kwanza, nikiwa bado nafundisha, nilinyamaza mbele ya darasa. Fundi aliyelishona lile bawa aliacha na mshono wa kulifumulia.

Baada ya hapo wawili hao huchimba, huingia, hujifungia. Chakula hakuna. Jike hutaga mayai machache ya kwanza, na wazazi huwalea watoto kwa akiba iliyo miilini mwao. Sehemu kubwa ya akiba hiyo ni misuli iliyokuwa ikiyapiga mabawa. Mabawa yakishaondoka, misuli huyeyuka ikawa chakula. Kilichomrusha mzazi ndicho kinachomlisha mtoto. Watoto wakikua huanza kazi ya kujenga na kulisha, na jike, ambaye sasa tunamwita malkia, huweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku na kuishi miaka mingi. Ukitoka Lamadi kuja Bariadi, vichuguu unavyoviona vikimpita mtu kwa urefu vilianza hivyo: wawili waliovua mabawa na kukubali shimo.

Waarabu wana methali kwamba Mungu akitaka kumwangamiza sisimizi humwotesha mabawa. Kwa beseni la Mayu methali hiyo ni kweli tupu. Ila wale wawili wa kwenye ngazi waliota mabawa katika kichuguu kimoja na wale wa beseni au kile cha jirani, jioni ile ile, na hawakuangamia. Tofauti ni kwamba wao walitua, wakayavua, wakachimba, huku wenzao wakiendelea kuizunguka balbu. Udongo ndio uliokuwa mwisho wa safari. Taa iliwapotosha tu.

Mabawa basi ni nauli. Ukipanda gari Lamadi, nauli unayo mfukoni kwa ajili ya konda. Ukishafika stendi ya Bariadi huwezi kumdai akurudishie, wala hakuna anayetembea mjini akijisifu kwa nauli aliyowahi kuwa nayo. Kipaji, cheo, elimu, sauti ya kuimba, hata fedha: Mungu hutupa vitu hivi vitufikishe mahali pa kuchimba.

Nayasema haya nikimtazama Yesu mwenyewe. Katika Mathayo 4 alipandishwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe, malaika watamdaka. Lilikuwa jaribu la kuruka mbele ya watu, akalikataa. Katika Yohana 13, usiku wa mwisho, aliondoka mezani akaweka kando vazi lake, akajifunga kitambaa, akainama kwenye miguu yenye vumbi. Na Paulo anawaandikia Wafilipi, sura ya 2, kwamba aliyekuwa sawa na Mungu hakuung'ang'ania usawa huo. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana wetu alitutaka sisi, na sisi tulikuwa mvunguni.

Najua msomaji wa Maswa au Itilima atauliza: mchwa, Mwalimu? Huyo anayekula milango na ghala zetu? Naam, huyo huyo. Yesu alimtumia wakili dhalimu kufundisha busara, na kuja kwake akakufananisha na mwizi wa usiku. Mdudu haombewi utakatifu kwanza ndipo afundishe. Tena nisikudanganye: si kila anayevua mabawa hufika. Kuku wa Mayu waliamka mapema siku ile, na wengi waliokuwa wameshavua waliishia midomoni mwao. Kujishusha hakuna bima. Ila pasipo kujishusha hakuna kichuguu.

Mkoa wetu unaongoza nchi kwa pamba, na kila mwaka soko likifunguliwa, kuanzia Mei, sisi nasi huota mabawa. Mtu aliyechambua pamba safi na fifi kwa mikono yake, akapima kwenye chama cha ushirika, AMCOS, akapokea chake, kwa wiki tatu hivi anaonekana kila mahali penye taa. Mithali 23 ilishaonya kwamba mali huota mabawa na kuondoka. Mvua zinaporudi mwezi Novemba yupo anayekopa jembe, na mkewe anajua fedha zilikoishia. Akina baba, hapa mchwa ana neno lenu peke yenu. Dume la nyuki likishapanda hufa, halina habari na watoto. Dume la mchwa huingia shimoni na mwenzake na kubaki naye humo miaka yote. Mfalme huyo haonekani tena nje. Kazi yake kubwa ni kuwapo.

Makanisa yetu nayo yana historia ya kuvua. Pale Nassa, leo wilaya ya Busega, wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1909 walikikabidhi kituo kwa watu wa Africa Inland Mission, wenzao wa jina jingine. Hapo ndipo kanisa la Africa Inland, AICT, huhesabia mwanzo wake, na leo makanisa yake yameenea Usukuma nzima na kuvuka mipaka yake. Waumini wengi wanaoimba humo Jumapili hawajui herufi CMS zinasimamia nini. Waliochimba shimo la kwanza hawana jina juu ya kichuguu, na kichuguu kimesimama.

Kukabidhi. Neno hili ndilo limenikalisha macho wiki nzima, kwa sababu nami ninalo bawa. Kwa miaka tisa nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Tulichanga, tulifyatua matofali, tulipigwa jua. Jengo liliezekwa, kamati ikatimiza kazi yake, na hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Lakini mwenyekiti bado ni mimi. Stoo haifunguliwi nisipotoa funguo. Yupo kijana, fundi mzuri kuliko nilivyowahi kuwa, ambaye kila Jumamosi huja hapa barazani kuniomba funguo, na jioni huzirudisha kwa adabu zote. Sijawahi kumnyima. Nimekuwa nikihesabu hilo kama unyenyekevu.

Asubuhi ile, baada ya Mayu kuondoka na beseni, nilimalizia kufagia. Wale wawili hawakuwapo tena. Kando ya ngazi ya chini palikuwa na punje chache za udongo mbichi, za kujaza kijiko cha chai. Mke wangu alipoona nikizipitisha ufagio pembeni aliuliza kama nimeanza kufuga mchwa mlangoni. Nilimwambia tutazungumza.

Jumapili hii kuna kikao cha kamati baada ya ibada. Funguo ziko hapa mezani ninapoandika, tatu, kwenye kipande cha waya. Nimeshaziinua mara mbili na kuzirudisha. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani.