Nani Anausemea Mto Mara?

Mwezi Machi 2022 Mto Mara ulibadilika rangi. Maji yake, ambayo siku zote huwa ya udongo, yaligeuka meusi, harufu ikapanda, na samaki wakaelea matumbo juu. Wakazi wa kandokando wakaambiwa wasivue wala wasiyatumie maji hayo. Serikali ikaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, na kabla mwezi haujaisha jawabu likatoka: kinyesi na mkojo wa ng'ombe waliojazana bondeni, pamoja na magugu na mimea iliyooza kinamasini, vilikuwa vimeimaliza oksijeni ya majini. Samaki walikufa kwa kukosa pumzi. Sumu ya migodini, ilisema kamati, siyo iliyowaua.

Nchi nzima ikacheka. Kwa muda mrefu baada ya hapo, mtu akitaka kutaja uongo wa wakubwa alikuwa akitaja ng'ombe wa Mara. Mimi sikucheka wakati ule, wala leo siwaungi mkono waliocheka. Hata hivyo siwaungi mkono pia waliokasirika kwa kuchekwa. Makundi yote mawili yalikubali jambo moja bila kulijua: kwamba mwenye mto hana haja ya kujua, yatosha aamini au akatae.

Niwageukie kwanza waliocheka. Kinyesi huua samaki; hilo si mzaha. Mwaka 2018 watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications walieleza jinsi viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa juu wa mto huu huu wanavyoacha mavi yao katika madimbwi. Mvua inyeshapo, uchafu ule husombwa, oksijeni hushuka, na samaki hufa chini ya mkondo. Basi kama kiboko aweza, ng'ombe atashindwaje? Anayekataa jambo kwa sababu tu linachekesha hana tofauti na anayelikubali kwa sababu tu limetoka kinywani mwa mkubwa. Wote wawili wameacha kupima.

Lakini kicheko nacho kina nasaba yake, na asiyeichunguza nasaba hiyo hataielewa Mara. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mara. Kampuni ikasema wezi waliiba plastiki zilizotandikwa bwawani. Wanavijiji wakasema wamepoteza watu na mifugo, kampuni ikakana. Miaka kumi ikapita. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likautoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu, na Julai ya mwaka ule ule serikali ikapiga marufuku matumizi ya bwawa hilo. Kwa hiyo aliyecheka mwaka 2022 hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye kumbukumbu. Ameambiwa kwa miaka kumi kwamba hakuna neno. Kisha serikali yenyewe ikamthibitishia kwa faini kwamba neno lilikuwepo. Halafu akatakiwa aamini tena, papo hapo, kwa kauli tupu.

Tena kuna jambo la pili ambalo wakubwa hawapendi litamkwe pamoja na lile la kwanza. Januari 2020 serikali na kampuni ya Barrick zilitia saini makubaliano yaliyoipa dola asilimia 16 ya hisa katika migodi ya kampuni hiyo nchini, North Mara ukiwamo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana dhahabu ni yetu. Lakini wahenga walisema: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Tangu siku ile, mwenye jukumu la kuukagua mgodi ndiye pia mwenye kula faida ya mgodi. Sisemi kwamba amepindisha vipimo, na anayesema hivyo alete ushahidi. Nasema kwamba hakimu mwenye hisa hawezi kutaka aaminiwe kama hakimu asiye na hisa. Analazimika kuonesha zaidi, kufungua madaftari zaidi, na kuwaruhusu wengine wapime naye bega kwa bega. Uaminifu wake haumwagwi tena bure kama togwa ya harusini, sharti aulipie.

Na tazama lawama iliangukia wapi. Iliangukia kwa mfugaji. Mfugaji huyo hana msemaji wa kampuni wala maabara yake, na siku ya kutajwa kwake hakuwa na karatasi yoyote mkononi ya kujibia. Yumkini ng'ombe wake walichangia kweli. Lakini je, aliingia kinamasini kwa starehe? Huingia wakati nyasi za juu zimekauka na malisho yamebanwa na mashamba, migodi na mipaka ya hifadhi. Haki ya mazingira haiishii kwenye swali la nani kachafua. Huendelea kuuliza nani alisukumwa hadi akachafua, na nani alibaki na mali baada ya uchafu.

Sasa nifike kwenye shamba langu, maana mimi si mkemia. Ni mtu wa maneno, niliyejifundisha kazi ya tafsiri bila darasa. Aghalabu ripoti za kitaalamu za mazingira katika nchi yetu huandikwa Kiingereza. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Muhtasari! Yaani mwenye mto anapewa kifuniko cha chungu alambe, na chungu chenyewe kinabaki kwa wageni. Mwaka 2021 Bunge likatunga sheria kwamba lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili. Ikiwa sheria inayoweza kumfunga mtu jela imeonekana kustahili Kiswahili, kwa nini hesabu ya zebaki katika maji anayokunywa isistahili?

Hujibiwa kwamba mambo haya hayatafsiriki, kwamba ni magumu mno kwa mvuvi. La hasha. Sikiliza: samaki wengi hutaabika oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 katika lita moja ya maji. Hiyo ni sentensi moja ya Kiswahili. Hata mtoto wa darasa la tano ataifahamu. Mzaliwa wa Butiama, Julius Nyerere, alimtafsiri Shakespeare akiwa na dola nzima mabegani. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi ni matunda ya kazi hiyo. Lugha iliyombeba Shakespeare haitashindwa kuibeba miligramu. Kinachokosekana ni nia ya kuwaambia watu.

Msomaji wa kisiwani aweza kuniuliza: Mara ni wapi, na sisi tuko wapi? Nitamjibu kwa kumchorea ramani ya vikombe. Mto Mara huzaliwa katika msitu wa Mau nchini Kenya, husafiri kiasi cha kilomita 395, hupita Serengeti, hutandaa katika kinamasi, hupita chini ya daraja la Kirumi, kisha huingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Musoma hunywa ziwa hilo. Bunda huvuta maji yake ziwani kutoka Nyabehu. Mradi wa Mugango hadi Kiabakari na Butiama huyapandisha maji ya ziwa lile lile mpaka kijiji alikozikwa Mwalimu. Miji mitatu, bomba tatu, ziwa moja. Na wewe wa kisiwani unakunywa maji yaliyojificha chini ya mwamba, usiyoyaona kabisa. Je, nani alikusomea vipimo vyake mwaka huu?

Wala North Mara si kisa pekee. Huko Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za wakoloni, na wachimbaji wakubwa wameondoka wakaacha mashimo na vifusi. Kinyambwiga, upande wa Bunda, wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huosha unga wake, kisha huikamata dhahabu kwa zebaki na kuichoma hewani. Anayeichoma huivuta kifuani, na inayobaki huenda na maji. Zebaki ikifika katika tope la chini ya maji, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayopanda kutoka mdudu hadi samaki mdogo, kutoka samaki mdogo hadi sangara, na kutoka sangara hadi kwa mama mjamzito. Haina rangi wala harufu, wala haielezi samaki juu ya maji. Mto uliogeuka mweusi ulikuwa na hisani kwetu: ulipiga kelele. Tunapaswa kuuogopa zaidi ule utakaonyamaza.

Walimwengu wameshalipia somo hili. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu uliripotiwa rasmi mwaka 1956 miongoni mwa watu waliokula samaki wa ghuba. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walinyooshea kidole zebaki. Serikali ya Japani ilikiri kwamba chanzo ni kiwanda cha kampuni ya Chisso mwaka 1968. Hesabu mwenyewe: miaka 12, na katika miaka yote hiyo watu waliendelea kuvua na kula, huku maelezo mengine yakitolewa, baadhi yake kwa lugha ya kitaalamu sana. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kuliridhia jina la Minamata kisha kuifuata desturi ya Minamata ya kunyamaza ni dhihaka kwa wafu wa watu wengine.

Basi nini kifanyike? Sidai muujiza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kumpa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Katiba, katika ibara ya 18, imekwisha kumpa raia haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Nadai utekelezaji wa yaliyoandikwa. Maji ya Tigithe, ya Kirumi, ya Nyabehu na ya Mugango yapimwe kila mwezi, siyo siku samaki wanapoelea tu. Sampuli zigawanywe, moja kwa serikali, moja kwa chuo kikuu kisicho na hisa mgodini, na moja kwa kamati ya kijiji. Na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili penye ubao wa ofisi ya kijiji, kwenye mwalo wa wavuvi na kwenye lango la zahanati: kilichopimwa, kilichoonekana, kiwango kisichodhuru, na jina la aliyepima.

Tangu mwaka 2012, kila tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara. Panakuwa na hotuba, na miti hupandwa. Sina ugomvi na miti. Lakini siku hiyo, kabla ya hotuba ya kwanza, mtu mmoja asimame asome namba kumi na mbili, moja kwa kila mwezi uliopita, kwa sauti, kwa lugha ya wanaosikiliza. Kama ni ng'ombe, namba zitasema ni ng'ombe, na mfugaji atatafutiwa malisho. Kama ni mgodi, zitasema ni mgodi, na mwenye hisa atalipa kwa kadiri ya hisa zake. Kama ni karasha la jirani, jirani ataambiwa usoni na kufundishwa njia nyingine.

Mpaka siku hiyo ifike, watu wa Mara wataendelea kucheka kila wanapoletewa jawabu, na hakuna waziri wala profesa atakayekuwa na haki ya kuwaambia wanyamaze.